Kilo Kumi na Tatu

Bawaba ya mlango wa stoo ililia kabla hakujapambazuka. Sijawahi kuitia mafuta bawaba ile, na si kwa uvivu. Ikilia Jumamosi najua mjukuu wangu ameamka na anakwenda kuitoa mashua ya babu yake. Kwanza bawaba, halafu magurudumu ya kigari juu ya sakafu ya saruji, halafu sauti yake, "Bibi, njoo ushike huku." Miaka tisa mambo yamekwenda kwa utaratibu huo.

Siku hiyo bawaba ililia, magurudumu hayakufuata. Nilisikia jaketi la kujiokolea likitolewa msumarini, mlango ukafungwa, nyayo zikarudi chumbani. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Bibi, umelala?"

"Nimelala."

"Haya, nitaongea na aliyelala."

Wenzake wanamwita Kijiti, kwa sababu ni mrefu na mwembamba. Ana miaka kumi na sita. Babu yake alikuwa akimwita mke wangu mdogo, kwa hiyo mimi namwita mke mwenza. Yeye huniita Bibi, ila akiwa na jambo zito huniita mke mkubwa.

"Mke mkubwa," akasema, nikafumbua macho. "Leo hatusukumi kigari. Kocha anakuja na gari kuichukua mashua saa mbili. Tunajaribu mashua tatu, zote leo, upepo mmoja, mzunguko mmoja. Nitakayoichagua ndiyo nitakayokwenda nayo kwenye mashindano."

"Tatu zipi? Mimi naijua moja."

"Ya Babu, na ya klabu, na..." Akavuta uzi wa shuka. "Na ile aliyoninunulia Bibi wa Ghorofani."

"Amenunua lini?"

"Imefika Jumatano."

Jumatano! Na jana tu, Ijumaa, alikuwa kwangu, amekula, amecheka, amenisimulia mpaka habari za paka wa jirani yao.

"Nilitaka kukuambia jana," akasema, "lakini nikakuta umenishonea mto mpya. Nikashindwa."

Nikamwambia akawashe jiko. Nilitaka aondoke ili nivae, na pia ili asinione uso.

Bibi wa Ghorofani ni mama wa baba yake Kijiti. Mwanawe alimwoa binti yangu, tukagawana mjukuu mmoja. Anakaa ng'ambo ya ziwa, katika nyumba yenye ghorofa, hatua chache kutoka klabu ya mashua. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto mpaka alipostaafu. Siwezi kusema amewahi kunikosea. Tukikutana hushika mikono yangu yote miwili na kuulizia magoti yangu kabla sijaulizia yake. Ndiyo maana kumchukia ilikuwa kazi ngumu. Ilinibidi nijitahidi.

Hofu yangu ilikuwa moja tu. Mashua mpya ingekaa kwenye gereji yake. Mashua ikikaa kule, mtoto atalala kule Ijumaa, ili Jumamosi ateremke moja kwa moja majini. Mimi ningebaki na mto mpya na bawaba isiyolia. Wivu ulinikaa kama mwiba wa samaki, pale pale kooni, hautoki wala haushuki.

Na ile ya kwetu si mashua ya kununuliwa. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Aliiunda kwa mbao nyembamba sebuleni kwetu, maana ilikuwa msimu wa mvua, na ilipokamilika tukagundua haipiti mlangoni. Mbao zote alizipima, mlango akausahau. Aling'oa dirisha zima, na fremu yake, tukaitolea huko huku majirani wakishangilia. Ni mashua ya mtu mmoja, tanga moja, ya mashindano. Tanga nilishona mimi, maana hiyo ndiyo kazi yangu: matanga, maturubai, vifuniko vya magari. Aliipima uzito, kilo hamsini na mbili. Aliita watu waje kuona mizani. Kwa wiki nzima ukimuuliza hujambo anakujibu hamsini na mbili.

*

Kocha ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Hajawahi kunikuta nimesimama asinitafutie kiti. Siku hiyo pia alinitafutia, akakiweka kando ya kiti cha Bibi wa Ghorofani. Tukakaa bega kwa bega, kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

"Mkwe, magoti?" akaniuliza, ameshika mikono yangu.

"Yapo. Yako?"

"La kulia linataka kustaafu kabla ya la kushoto." Alikuwa na kofia nyeupe ya ukingo mpana, nzuri kwa kweli. Hata kofia ile niliionea wivu.

Mashua tatu zilikuwa kwenye mteremko wa saruji unaoingia ziwani. Ya klabu ni ya plastiki nene, rangi ya chungwa, vijana wanaiita Beseni. Mpya ilikuwa nyeupe, ya faibaglasi, laini kama yai lililomenywa, na tayari walikuwa wameipa jina la Wembe. Ya kwetu nilijua wanaiita Kabati. Walidhani sijui.

Kocha alianza na uzito. Waling'oa milingoti, wakatoa matanga na usukani, kila mashua ikabaki tupu, ikaning'inizwa kwa mikanda kwenye mizani ya ndoano iliyofungwa kwenye boriti.

"Beseni, sitini."

Hakuna aliyeshangaa.

"Wembe, thelathini na tano."

Vijana wakapiga mbinja. Bibi wa Ghorofani akatabasamu akiangalia chini, kama aliyesifiwa mapishi.

"Ya Babu." Kocha akasogeza uso karibu. "Sitini na tano."

"Rudia," nikasema.

"Sitini na tano, Bibi."

"Hamsini na mbili. Mume wangu aliipima mara tatu."

"Mizani inasema sitini na tano."

"Mizani hiyo ni ya nani?"

"Ya klabu."

"Nani aliileta klabu?"

Kocha akajikuna shingo. "Ni zawadi. Alitupa Bibi yake Kijiti. Huyu... huyu mwingine."

Nikageuka polepole kumtazama mkwe wangu. Akavua kofia akaanza kuipangusa mahali pasipo na vumbi. Vijana walikuwa wanajiuma midomo wasicheke. Kocha, ili yaishe, akajaza maji dumu la lita ishirini, akalitundika. Mizani ikasema ishirini na moja, yaani maji ishirini na dumu lenyewe moja. Mizani haikuwa na kosa.

"Mbao huzeeka, Bibi," Kocha akasema kwa upole. "Hunywa maji."

"Kabati limenenepa," kijana mmoja akasema nyuma yangu.

"Na wewe je, ulijiona kwenye kioo?" Kijiti akamjibu palepale. Nilimshukuru moyoni, lakini zile kilo kumi na tatu zilikuwa zimenikalia begani. Niliona kama mume wangu ameitwa mwongo mbele ya watu, na mimi shahidi wake nimeshindwa.

*

Kijiti alianza na Beseni. Akazunguka maboya yote matatu, akarudi amelowa mpaka nywele.

"Ina huruma," akamwambia Kocha, aliyekuwa anaandika. "Ukikosea inakusamehe. Lakini haina hamu ya kwenda. Unaisukuma kwa roho yako."

Akapanda Wembe. Kusema kweli, nilikuwa naomba usiende. Ukaenda. Upepo ulipogusa tanga tu, Wembe uliondoka kama kitu kilichoitwa na mtu wa upande wa pili. Kwenye boya ukageuka papo hapo. Kijiti akaingiza miguu chini ya ule mkanda unaopita katikati ya mashua, akaegemea nje mgongo ukikaribia maji, ili uzito wake uizuie mashua isilale. Nikasikia akicheka. Katika miaka tisa ya mashua yetu nimemsikia akiimba, nimemsikia akisema na marehemu babu yake. Kucheka vile kwa sauti, peke yake, katikati ya ziwa, sikuwahi kumsikia.

Mara upepo ukaja kwa nguvu, akaegemea zaidi, na mkanda ukafumuka mshono. Akaanguka chali. Wembe ukapinduka juu yake.

Sote wawili tulisimama. Kichwa chake kilipotokea, akapunga mkono na kupanda juu ya ule ubao unaochomoza chini ya mashua ili kuiinua, ndipo nilipogundua nimeshika mkono wa mkwe wangu, naye kaushika wangu kwa nguvu hadi pete yake imeniachia alama. Tukaachiana upesi.

Alipofika ufukweni Bibi wa Ghorofani alikuwa na taulo kubwa jeupe. Akamfunika, akamsugua mabega, akamwita mwanangu. Mimi pia nilikuwa na taulo kwenye mkoba. Nikalisukuma chini kabisa, chini ya miwani na uzi, lisionekane.

Mwisho akapanda ya babu yake. Hapo niliangalia kwa macho mengine. Ilikwenda vizuri, imetulia, haikuyumba kwenye mawimbi. Lakini nimeshona matanga miaka arobaini na kidogo, najua tanga linalohangaika. Ilichelewa kuondoka, ikachelewa kugeuka, na nyuma ilikuwa inaburuta maji.

Kocha akauliza, "Haya. Nipe yote. Kuiendesha, uzito, raha."

Kijiti alikaa juu ya kigari, taulo jeupe mabegani, akafikiri. Hakunitazama, na hilo lilikuwa wema wake.

"Beseni tuliache. Wembe, kuiendesha ni kali. Inajibu kabla sijamaliza kuuliza. Nabeba mwenyewe mpaka juu bila msaada. Raha... ni raha ya kutisha. Ya Babu, naijua. Inanisikia vizuri, ila inachelewa kuitika. Ni kama..." akanyamaza kidogo. "Ni kama nimempakia mtu mwingine ndani."

"Kwa hiyo?"

"Nipe wiki moja na Wembe, Kocha. Nijue kama ninaupenda au nimeushangaa tu."

Tulipokuwa tunaondoka, Bibi wa Ghorofani alinijia na ule mkanda uliofumuka. "Mkwe, waliouza wanasema tuwarudishie, itachukua mwezi. Mimi nimewaambia nina fundi wa kwetu. Mkono wako ndio ninaouamini."

Ni kazi ya dakika ishirini. "Nitautuma keshokutwa," nikasema.

Sikuutuma keshokutwa. Niliuweka kwenye droo ya cherehani, nikafunga droo. Mtu akinipigia nasema uzi wa aina ile umekwisha, nimeagiza. Nilijua ninachofanya. Bila mkanda ule huwezi kuegemea nje, na usipoegemea nje mashua nyepesi inakuchosha, inakulaza kila dakika. Nilitaka mtoto auchoke Wembe. Nimelea watoto wanne na sijawahi kumnyima hata mmoja kitu alichokihitaji, nikaanza uzeeni.

*

Ijumaa Kijiti hakuja. Alipiga simu kusema analala kwa Bibi wa Ghorofani kwa ajili ya mazoezi. Jumamosi niliamka saa ile ile, gizani, nikasikiliza. Bawaba ilinyamaza.

Kulipokucha nilikwenda mwenyewe stoo, ambayo ndiyo karakana yangu, cherehani upande mmoja na mashua upande mwingine. Nikafungua kopo la rangi ya buluu. Tangu mume wangu afariki, kila mwaka naipaka mashua yake rangi, ndani na nje, mikono miwili, yaani ikikauka narudia juu yake. Mwezi wake ulikuwa haujafika, lakini nilikuwa na hasira na kupaka rangi hunituliza.

Nilikuwa nimechovya brashi niliposikia, "Hodi, mkwe," na bawaba ikalia.

Bibi wa Ghorofani alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anahema. Ameteremka basi chini barabarani na kupanda mlima wote na lile goti linalotaka kustaafu. Nikamsogezea kiti cha cherehani. Akakaa, akaulizia magoti yangu, akapumua.

"Nimefuata ule mkanda," akasema.

"Uzi," nikasema. "Bado haujafika."

Uzi ulikuwa pale pale, mbele ya macho yake, kibunda kizima cheupe juu ya meza ya cherehani. Aliuona. Nikamwona anauona. Aliiweka kofia yake juu ya kile kibunda, taratibu, kama mtu anayetafuta tu mahali pa kuweka kofia, kisha akageukia dirishani ili nipate nafasi ya kumeza mate.

Mtu akikutukana utapata la kumjibu. Kile hakina jibu.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

"Anajitahidi. Amefunga kamba badala ya mkanda. Imemwachia mara mbili. Juzi aligonga mgongo kwenye ukingo, ana alama hapa." Akagusa chini ya mbavu zake. "Hakutaka nikuambie. Anasema utasikitika, una kazi nyingi."

Nikaweka brashi juu ya kopo. Nikafungua droo, nikatoa mkanda, nikaondoa kofia yake juu ya uzi na kumrudishia mikononi. Nikashona, mishono miwili, halafu nikaongeza wa tatu na kupiga msalaba kila mwisho, kama ninavyofanya kwa kamba za kubebea mizigo mizito. Machozi yalinitoka kidogo lakini cherehani ina kelele, inasitiri.

Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama kando ya mashua, anaizunguka, mikono nyuma, kama daktari wodini.

"Mkwe," akasema. "Unaipaka kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Ndani na nje?"

"Mikono miwili. Siwezi kuiacha ifubae."

"Na ile ya zamani huikwangui kwanza?"

"Niikwangue kwa nini? Niliipaka vizuri."

Akachomoa kibanio kwenye nywele zake, akainama kwenye kona ya nyuma palipopigwa pigwa, akachokoa. Kipande kikabanduka, kinene kama ganda la chungwa. Akakileta kwenye mwanga. Pembeni yake kulikuwa na mistari. Buluu, buluu, nyeupe ya ule mwaka duka halikuwa na buluu, kijani, buluu tena.

"Nimepima watoto miaka thelathini," akasema. "Kabla ya kumweka mtoto kwenye mizani, kwanza tunamvua nguo. Mwenye koti unamvua koti. Mkwe wangu, jamani, hii mashua mmeipima ikiwa na makoti kumi na nane."

Nilikitazama kile kipande. Miaka tisa, makoti kumi na nane. Mbao haikunywa maji. Mume wangu hakuwa mwongo. Zile kilo kumi na tatu ni mimi niliyezipakia, brashi kwa brashi, nikidhani namtunza.

Ungetegemea nifurahi. Nilikasirika. "Unataka nimkwangue mume wangu?" nikamwambia. "Umechukua mtoto, sasa na hiki?"

Akarudi kukaa. Akawa anageuza kofia ukingo kwa ukingo.

"Nikuambie kitu, na ucheke ukitaka," akasema. "Huyu mtoto akiwa kwangu, akisema 'Bibi alisema,' huwa ni wewe. Mimi ni Bibi wa Ghorofani. Wewe ni Bibi, basi. Miaka tisa, Jumamosi zote ni zako. Mimi nampata mvua ikinyesha. Nimekaa kwenye kibaraza changu, naangalia ng'ambo, naona tanga lako linatoka, najua yumo. Nikasema, nina nini mimi cha kumvuta? Sijui kushona. Sina babu aliyeunda mashua. Nina akiba ya kustaafu. Nikanunua."

"Ulikuwa unanionea wivu?"

"Mpaka mto, mkwe. Amekuja kwangu na mto wako. Hataki wa kwangu."

Nikacheka. Sikukusudia. Naye akacheka, akishika goti lake, tukacheka mpaka rangi kwenye kopo ikafanya ngozi.

*

Vyuma vya kukwangulia vya marehemu vilikuwa bado ukutani. Nikachukua kimoja, yeye akachukua kingine bila kuuliza. Tulianza upande wa kulia. Nilikuwa na hofu kila kipande kinapoanguka, lakini yeye alikuwa na mkono mwepesi sana, mkono uliozoea ngozi za wachanga, na akifika kwenye ukingo alikuwa anapuliza kwanza vumbi. Chini ya rangi yote ilikuwapo vanishi ya mume wangu, ya rangi ya asali, haijafa.

Mchana nikapasha chai. Alasiri tukafika ndani, pale mbele ya mlingoti ambapo mtoto mdogo anaweza kujibana. Akaacha kukwangua.

"Kuna maandishi. Soma wewe, miwani yangu iko kwenye mkoba."

Ilikuwa penseli, chini ya vanishi, mwandiko wake ule wa kuandika vipimo juu ya mbao. *Kg 52. Hapa anakaa mke mdogo. Mke mkubwa asione.*

Na kweli sikuona. Koti la kwanza kabisa nilianzia hapo, macho yamejaa machozi, wiki ya pili baada ya mazishi.

"Mjinga huyu mzee," nikasema. Bibi wa Ghorofani akanipa leso yake akaendelea kukwangua, akinipa mgongo kwa muda wote niliouhitaji.

Simu yake ikalia. Ni Kijiti. Akaiweka wazi tusikie sote.

"Bibi, umefika salama? Mkanda umepatikana?"

"Umepatikana, mwanangu. Niko na Bibi yako hapa."

"Mko pamoja? Mnafanya nini?"

"Tunakwangua," nikasema, tukaangua kicheko.

"Mnakwangua nini? Shikamoo, Bibi. Mbona mnacheka? Mnafanya mambo bila mimi?" Sauti ilikuwa imebadilika. Niliijua ile sauti, nimekaa nayo wiki nzima.

"Marahaba. Mke mwenza, sikiliza. Mkanda wako nilikuwa nao tangu siku ya kwanza. Uzi haukuisha. Niliufungia kwenye droo."

Nilisikia maji yakipiga saruji kule aliko.

"Nilijua," akasema. "Uzi haujawahi kukuishia, Bibi."

"Na hukusema?"

"Ungesema mwenyewe."

Nikamuuliza anavyouona Wembe sasa, kwa haki, bila kunihurumia.

"Kwa mashindano ni huo, Bibi. Nimechagua huo. Nilitaka nikuambie ana kwa ana." Akavuta pumzi. "Lakini Jumatatu nilichoka nikataka tu kwenda, bila boya, bila saa. Nikatamani ya Babu. Wembe hauwezi kukaa kimya na mtu."

Iliniuma, sitadanganya. Iliniuma mahali pale pale. Lakini nilikuwa nimeuliza kwa haki.

"Ya Babu yako iko hospitali," nikasema. "Inavuliwa makoti. Ukimaliza mashindano uje uipime."

"Nije kuwasaidia kesho?"

"Kesho una mazoezi. Mkanda unakuja na basi la saa kumi na moja."

Mkwe wangu alinawa mikono kwenye ndoo, akafuta magoti, akaweka mkanda kwenye mkoba kama kitu cha kioo. Nywele zake zilikuwa na unga wa buluu. Upande mmoja wa mashua uling'aa rangi ya asali, wa pili bado na makoti yake yote. Nilifagia vipande vikajaa karai. Akakiokota kile cha kwanza, chenye mistari, akaniuliza kama anaweza kukichukua, amwonyeshe Kijiti. Nikamwambia kichukue.

Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Akavaa kofia, ikamkaa vizuri kama kawaida, na wivu ukanichoma tena kidogo, kwa mazoea. Alipovuta mlango, bawaba ikalia.

"Hii inataka mafuta," akasema.

"Iache. Hiyo ndiyo inayoniambia nani amekuja." Nikamshika mikono yote miwili, kama anavyonishika yeye. "Mkwe, upande wa kushoto bado. Jumamosi njoo tena."